Raha ya Kuitana Ndani ya Shimo

Siku udongo ilituangukia, nililia kama mbuzi. Sisemi mufano. Nilikuwa nimelala tumbo chini, mukono moja imekunjwa nyuma ya mugongo, muchanga imejaa kinywa, giza kama ndani ya nyungu yenye kifuniko, na miye, mutu muzima, baba ya watoto wane, nilikuwa natoa sauti: "Meee! Meee!" Na kule juu, mbali kabisa, nilikuwa nasikia muziki. Haikuwa malaika, wadogo zangu. Ilikuwa bafle, ile sanduku kubwa ya muziki PDG Evariste, mwenye shimo, aliweka kwenye mudomo wa shimo ili tufurahi kazini. Kila mara ilipiga, du, du, du, muchanga kidogo ilinimwangikia ndani ya sikio. Miye ninalia mbuzi, wao kule wanacheza. Pembeni yangu kulikuwa mukono ya mutu. Niliishika. Ilikuwa ingali moto. Niliita jina yake na hakuitika.

Nitarudia ule mukono. Kwanza lazima nieleze sababu gani mutu analia kama mbuzi wakati anakufa, juu bila hiyo mutafikiri nilikuwa nimepoteza akili. Akili ilikuwa yote. Ile "meee" ilikuwa kazi.

Miye nilisoma mpaka quatrième primaire, darasa ya ine, kisha jembe na karai vikanisomesha. Hii karatasi binti yangu Esperance, siye tunamwita Espe, ameiandika vizuri kwa mashini ya bureau, ofisi yao. Nilimuruhusu kusahihisha herufi. Kusahihisha hasira, nilimukatalia.

Ni Espe mwenyewe alifanya niandike. Yeye anatumika katika bureau moja hapa Bunia, wanaketi kila mutu na mashini yake, na kiyoyozi inawapulizia kama vile wao ni nyama ya kuuzisha. Siku moja alirudi nyumbani na kofia ya karatasi kwa kichwa.

"Papa, leo hatukutumika. Tulikuwa na siku ya cohésion."

"Hiyo ni dawa ya nini?"

"Si dawa, papa! Ni kufurahi pamoja ili tushikamane. Mukubwa wa kazi alitupeleka kwenye sale moja, ukumbi ya sherehe, mwalimu mumoja akatupanga duara, tunatupiana mupira. Mwenye anadaka mupira anasema jina yake na kitu kimoja cha kuchekesha."

Nilimuuliza: "Na mulikuwa hamujuane majina?"

Akajibu: "Kuna mumoja wa comptabilité, wa kuhesabu franga, miaka mbili tunasalimiana, leo njo nimejua anaitwa nani."

Nilicheka mpaka muguu yangu mubovu ikauma. Nikamwambia: "Binti yangu, siye tulikuwa tunafanya cohésion kila siku, chini ya ardhi, na mupira ilikuwa karai ya mawe."

Njo pale nilianza kumuhadisia. Na nyinyi vijana ambao mutasoma, mukae karibu, juu minaona raha imewachanganya. Munafikiri raha ni kitu cha samedi, cha jumamosi, ya kulipia mulangoni. Munatumika siku tano na sura ya kilio, kisha munakwenda kutafuta furaha fasi sauti ni nguvu mpaka hamusikie mwenzenu anasema nini. Miye simukatazi mutu kucheza. Nilicheza mingi. Lakini mujue kitu: raha yenye ilinipatia maisha ilikuwa ndani ya kazi yenyewe, na mutu alinifundisha aliitwa Muzee Anyasi.

Tulikuwa tunachimba dhahabu kwenye kilima kimoja karibu na Bambu. Shimo yetu ilikuwa inashuka wima kama kisima, urefu wa nyumba tatu zimepandana, na chini kabisa inakunja kona, inaingia pembeni ndani ya kilima. Ile njia ya pembeni tunaita galeri. Mutu anaingia kwa magoti. Tunaegemeza dari na miti ya mukaratusi. Wawili watatu wanapiga mawe mwisho wa galeri, wengine wanajipanga kwenye ngazi, karai inapita mukono kwa mukono mpaka juu. Pale kona, fasi kisima inakutana na galeri, anasimama muitaji.

Muitaji ni mutu gani? Hapigi jembe, habebi karai. Wageni walikuwa wanauliza: huyu muzee anakula bure? Bure! Ile mutu ndiye alikuwa saa, redio na daktari yetu. Kila wakati karai zimepita kama makumi mbili, Muzee Anyasi alikuwa anaita majina. Hakuita majina ya ubatizo, aliita ya shimo. Na kila jina ilikuwa na matusi yake madogo, na kila mutu alikuwa na jibu yake, hakuna mwingine wa kulitumia.

Miye siku ya kwanza, maji ya baridi ilinimwangikia ndani ya shingo na nikatoa sauti ya ajabu. Ikaisha hapo. Nilikuwa Mbuzi mpaka leo. Rafiki yangu Kambale siku yake ya kwanza alikuja na sombe, majani ya muhogo, ya mama yake ndani ya mufuko wa suruali, mafuta ikamwangika, alitumika siku nzima na kitako kinang'aa. Akaitwa Sombe.

Basi Muzee, na ile sauti yake ya kukwaruza:

"Sombe! Suruali imekauka?"

Na kutoka ndani ya mulima: "Mafuta ingali iko!"

"Mbuzi! Kamba yako iko wapi?"

"Meee!"

Hivyo mpaka wote waishe. Mwisho anajiita mwenyewe: "Na huyu muzee mubaya, iko?" Siye wote kwa mara moja: "Iko, mpaka tumuchoke!" Tunacheka. Kisha anapiga mukono moja kwa ukuta na kusema: "Kimya!"

Na kimya inakuwa. Hakuna karai, hakuna jembe, hata kukohoa unameza. Urefu wa pumzi mbili tatu. Tunasikiliza miti.

Musikie vizuri hapa, hata kama hamutaingia shimo. Muti ya mukaratusi yenye ingali mubichi kidogo, mbele ya kuvunjika, inalia. Tik. Unangoja. Tik, tik. Na muchanga inaanza kushuka kama mutu anachekecha unga. Ukisikia ile, uko na wakati wa kutoka na karai yako, ukisikia na kuanza kubisha, uko na wakati wa kutoka bila karai. Muti mukavu inavunjika pasipo kuaga, juu ya ile Muzee alikuwa anakataa miti ya zamani, hata mwenye shimo akimwambia ni mizuri. Na tulikuwa tunaingia miguu wazi, juu nyayo inasikia mbele ya sikio.

Kuitana ilikuwa na maana ingine vilevile. Muzee aliniambia kiisha miaka kupita: "Weye ukisema meee, miye sisikilizi mbuzi. Ninasikiliza pumzi. Siku ingine meee yako iko fupi, ninajua hewa ya galeri imechoka, ninawapandisha. Siku ingine Sombe anajibu pole pole, ninajua amegombana na bibi, muke wake, ninamutoa mbele na kumupeleka kwenye ngazi, juu mwenye hasira anapiga jiwe sawa vile anapiga mutu."

Nikamuuliza: "Na matusi, muzee, ya nini?"

"Mutu mwenye woga anabana mwili. Mwenye kubana mwili anaangusha karai kwa kichwa ya mwenzake. Mwenye kucheka hawezi kubana. Jaribu."

Nilijaribu. Ni kweli. Mujaribu na nyinyi kwenye bureau.

Lakini ile muchezo ilikuwa na sheria. Hauruhusiwi kumucheka mutu juu ya kifo ya kwao, wala juu ya uzazi, wala juu ya kabila. Juu ya kabila kabisa, kabisa. Siye tulitoka kila pembe, wa musikiti na wa kanisa, na kule inje watu walikuwa wanakatana juu ya vile vitu. Ndani ya shimo ulikuwa Sombe, Mbuzi, Pilipili. Udongo haiulizi baba yako alitoka wapi. Minashukuru Mungu na Muzee Anyasi juu ya ile sheria, juu wakati vita ilitufuata mpaka kilimani, wa shimo letu tulifichana.

Na miye nilivunja sheria ingine, kubwa. Nitasema.

Sombe alikuwa mutu wa tumbo. Kando ya shimo Mama Zawadi alikuwa anauza maharagwe na bugali, na siku upepo inatoka kwake, harufu ilikuwa inashuka mpaka galeri. Siku moja Sombe akaniambia: "Mbuzi, miye ninapanda kidogo. Muzee akiita, unijibie." Alipita pembeni ya Muzee wakati Muzee aligeuka kuangalia motopompe, mashini ya kuvuta maji.

Muzee akaita: "Sombe! Suruali imekauka?"

Na miye, nilikuwa kijana mupumbafu, nikabadilisha sauti: "Mafuta ingali iko!" Kisha akaita Mbuzi, nikajibu meee. Nilijiona mwerevu kama mutu wa tamasha. Karai ikaendelea.

Mara ya pili tena nikajibu mara mbili. Lakini mara ya tatu, kwenye kimya, muti ikalia. Tik. Muzee akapiga kelele: "Wote juu!" Tukatoka kama panya. Kwenye mwanga ya juu akaanza kuita, akafika kwa Sombe, na miye nilikuwa ninahema, nilisahau kujibu. Hakuna Sombe. Muzee aligeuka. Alishika taa na kurudi chini.

Nilitaka kumuambia. Niapie nini muniamini? Nilisimama pale ninaangalia kichwa yake nyeupe inashuka, na muti iko inalia. Alikaa kule muda wa kupika maharagwe. Alitambaa galeri yote, anapapasa, anaita: "Sombe! Sombe!" Sauti ilikuwa inatufikia kidogo kidogo. Na Sombe akatokea nyuma yetu, anapangusa mudomo: "Kuna nini? Nani amekufa?"

Wakati Muzee alipanda, magoti yake ilikuwa inatoka damu. Alimuona Sombe na muhogo kwa mukono. Kisha akaniangalia miye. Nilingoja kipigo, ningeshukuru kipigo. Alisema tu:

"Weye umenitafutisha mutu ambaye hayuko. Siku moja atakuwa iko, na watu hawatatafuta."

Aliketi kwa Mama Zawadi na kuagiza maharagwe, na Mama Zawadi akanitukana mbele ya wote mpaka wake wa wanunuzi wa dhahabu wakashika masikio. Tangu ile siku sikujibia mutu tena. Hata leo kanisani wakisema "amina" na sijasikia maombi, ninanyamaza.

Miaka ilipita mingi. Mwenye shimo wa kwanza alizeeka, akaachia PDG Evariste. Kwetu kwenye dhahabu, mwenye shimo anaitwa PDG hata kama hana bureau na hana kiti. Evariste alikuwa na yote mbili, na viatu vyeupe. Alikuja na kapita mupya, Gode, wa kusimamia wachimbaji. Nasema majina yao wazi. Nilikaa kimya miaka, na kimya yangu haikumusaidia mutu.

Siku Evariste alifika kuona shimo, Muzee Anyasi alimupa heshima ya shimo. Aliita wote, kisha akaita kwa juu: "Na PDG wa viatu vyeupe! Unashuka ao unaogopa matope?" Siye tulicheka mpaka karai ikasimama. Kwa siye ile ilikuwa kumukaribisha. Ukipewa matusi, uko wetu.

Evariste hakucheka. Niliona midomo yake. Akamwambia Gode kitu ndani ya sikio na wakaenda.

Juma iliyofuata ikaletwa bafle. Gode aliipandisha kwenye meza, na groupe, mashini ya umeme yake, na akatukusanya:

"Wazee, zamani imeisha. PDG anataka kazi yake iwe na ambiance, na shangwe. Sasa ni muziki mpaka jioni. Na yale makelele ya kuitana, ya matusi, basi. Ni tabia ya watu wa kijiji. PDG anapiga video, wanunuzi wa Aru na wa Kampala wanaona, hawezi kuwaonyesha muzee anamuuliza mutu juu ya suruali."

Muzee Anyasi akauliza: "Na kimya?"

"Kimya ya nini?"

"Ya kusikiliza miti."

Gode akacheka. "Muzee, miti iko na kinywa?"

Sasa wadogo, hapa njo fasi ngumu kwangu. Muzee hakunyamaza. Alikuja kwangu saa ya kula, akaniambia: "Mbuzi, twende wawili kwa PDG. Tumuombe azime ile kitu kidogo tu, mara kwa mara, tuitane. Miye peke yangu ataniona muzee wa kulalamika." Na miye nilikuwa nimeisha kuzoea muziki. Nitasema kweli: niliipenda. Nilikuwa ninatikisa kitako kwenye ngazi na karai kwa mukono. Ilinifanya nijisikie niko kijana wa ville, wa mujini. Nikamujibu: "Muzee, acha watoto wafurahi kidogo."

Akaenda peke yake. Evariste alimuambia, na kuna wenye walisikia: "Ukitaka kimya, enda ukae nyumbani na bibi yako."

Hakukaa nyumbani. Alirudi kona yake, anasimama kama zamani, lakini hakuna mutu alimusikia tena. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nafikiri alikuwa anatuita moyoni.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua nzuri. Mwisho wa galeri tulikuwa wawili, Sombe na miye. Bafle ilikuwa inapiga kwa nguvu juu Evariste alikuwa iko juu na telefone, anapiga video. Ndani ya galeri besi ilikuwa inatingisha kila kitu, hata ungesimama na sikio kwenye muti haungejua muti inalia ao ngoma inalia. Mara nikasikia mukono inavuta muguu yangu. Nikageuka, taa ya Muzee Anyasi. Alikuwa ametambaa mpaka kwetu. Alikuwa ametuita kutoka kona, tukakosa kusikia, basi alikuja kutufuata na magoti yake.

"Tokeni! Iko inalia! Tokeni!"

Sombe akasema: "Nini?" Hakusikia. Muzee akamushika shati na kumuvuta. Na dari ikashuka.

Munaelewa? Muitaji fasi yake ni kona, pembeni ya ngazi. Angeweza kupanda. Zamani angeita tu, na siye watatu tungekuwa juu tunabishana juu ya maharagwe. Alikufa juu alilazimishwa kutembeza kwa magoti neno ambayo sauti yake ingefikisha kwa pumzi moja.

Wenye walikuwa kwenye ngazi waliona vumbi inapanda wakatoka wote. Juu kulikuwa kuvurugana. Na mutu hakuita majina. Mutu hakuzima muziki. Gode alizungusha macho akasema: "Wote iko hapa." Mumoja akauliza: "Na Muzee? Na Sombe na Mbuzi?" Gode akajibu: "Wale wamekwenda kula."

Njo hapo Mama Zawadi, mwenye alikuwa anaosha sahani, alisimama. Alinihadisia yeye mwenyewe, na wengine waliona. Alisema:

"Kula wapi? Wamekula kwa nani? Sombe hawezi kula fasi ingine na miye niko hai!"

Gode akamwambia: "Mama, rudi kwa sufuria yako."

Hakurudi. Alikwenda kwa meza, akashika kamba ya umeme ya bafle na kuing'oa yote, cheche ikaruka. Evariste akapiga kelele: "Eh! Mama! Unajua bei ya ile kitu?" Na Mama Zawadi, kilo yake yote, akalala chini na sikio kwa udongo, kitambaa ya kichwa ikaanguka.

Akasema: "Kimya!"

Hakuna mutu alimufundisha. Miaka yote alikuwa anauza maharagwe kando ya shimo, alikuwa anasikia Muzee. Kimya ikawa. Urefu wa pumzi mbili tatu. Kisha akainua kichwa.

"Kuna mbuzi chini."

Kijana mumoja akafikiri amekuwa wazimu. "Mbuzi gani, mama?"

"Mbuzi yenye inakula maharagwe yangu kila siku! Chimbeni!"

Walichimba na majembe, na karai, na sahani zake. Walinitoa na muguu imevunjika fasi mbili na nilikuwa ningali nimeshika ule mukono. Ulikuwa wa Muzee Anyasi. Ule wake mwingine ulikuwa umeshika shati ya Sombe. Hawakuitika hata mumoja.

Mama Zawadi, wewe mama, niko na miaka cinquante-deux, hamsini na mbili, ninachechemea kwenye njia za Bunia, ninatengeneza viti vya watu, ninacheka na bibi yangu, nimeona Espe na kofia ya karatasi. Kila pumzi ninavuta ni ile ulisikia kwa sikio yako. Aksanti. Muzee Anyasi, aksanti juu ya miaka yote ya kucheka. Minajua watu walitumika maisha yao yote na hawakuwahi kuitwa kwa jina hata siku moja. Miye niliitwa mara nyingi kwa siku. Niliulizwa kamba yangu iko wapi na mutu aliyetaka kweli kujua kama niko. Hakuna raha ingine niliona ilipita ile. Na Sombe, ndugu yangu wa mafuta, wewe uliteseka kidogo na ulikula mingi, ni vizuri.

Ningeishia pale na kushukuru. Lakini ile siku ya cohésion, Espe alinionyesha picha kwenye telefone. Ile sale ya sherehe ni ya nani? Ya Evariste. Aliacha dhahabu, akajenga sale ya raha hapa ville, na bafle kubwa kupita ile ingine. Kwenye picha amesimama mbele ya watoto wa bureau, viatu vyeupe, anawahubiri. Nikamuuliza Espe: alisema nini? Espe akafunga telefone. Nikamulazimisha.

"Alisema yeye njo wa kwanza kuleta furaha kazini hapa Ituri. Alisema kwenye shimo lake watu walikuwa wanatumika na kucheza. Alisema kulikuwa ajali moja tu, juu ya muzee mumoja alishuka amelewa na akaangusha muti."

"Na weye ulifanya nini?"

"Papa... tulipiga mikono. Sikujua ni Muzee wako. Hakusema jina."

Hakusema jina. Ile njo kitu kilinitoa kwa kiti.

Muzee Anyasi hakunywa. Tumbo yake ilikataa pombe tangu ujana, hata kwenye arusi alikuwa anashika chupa ya sukari, ya soda. Lakini ile neno imetembea. Mujane wake, Mama Anyasi, anakaa hapa Bunia, mutaa wa Mudzi Pela. Kwenye kanisa kuna wanawake wanasema pole na midomo, na nyuma wanasema, "Bwana yake alizika mwenzake juu ya pombe." Mama ya Sombe hajamusalimia mpaka leo. Mutu alikufa anavuta watu kutoka kifoni, na jina yake inalala chini ya udongo kupita mwili yake. Mwili tuliitoa.

Basi, wadogo, mumenisikia. Mukienda kucheza kwenye ile sale, sitawakataza. Mucheze. Lakini kule mukiona sauti haizimwi hata kidogo, muulize ni nani hapendi musikilizane.

Na sasa ninaita. Nitaita vile nilifundishwa, moja moja, na kila mutu ajibu kwa sauti yake mwenyewe. Hakuna wa kujibia mwenzake.

Mbuzi! Kamba yako iko wapi? Meee. Miye iko. Miye njo nilisema "acha watoto wafurahi", wakati Muzee aliniomba tuende wawili. Nimekwenda kwa Mama Anyasi na kwa mama ya Sombe, nimesema hivyo uso kwa uso, na nitasema tena kila fasi nitaulizwa.

Kapita Gode! Wale watatu walikwenda kula kwa nani? Unauzisha mabati kwenye soko, unaniona ninapita na unageuza kichwa. Uko?

Na PDG wa viatu vyeupe! Evariste! Kwanza uzime bafle. Kisha uje Mudzi Pela, muchana, watu wakiwa wengi, usimame mbele ya ule mama na useme kwa kinywa yako: nani alikataza kuitana, nani alimuambia Muzee Anyasi aende akae na bibi yake, na nani alitunga ile pombe. Huna haja ya kulala chini na kuweka sikio. Siye tutasikia.

Uko? 

Kimya, watu wote. Tunasikiliza.